Taulo Juu ya Kamera ya Fuso

Januari Masunga aliendesha malori ya Kaushik kwa miaka ishirini na miwili. Kwanza ile Fuso nyeupe iliyokuja kuuzwa, kisha hii ya kijani. Kazi yake ilikuwa kupeleka saruji, mabati na misumari kutoka duka la Kaushik la vifaa vya ujenzi mjini Shinyanga: Jumanne Mhunze, Alhamisi Mwadui, na mara mbili kwa mwezi Geita, ambako wachimbaji wakipata dhahabu hujenga haraka kabla haijaisha mikononi. Ana miaka hamsini na sita. Mgongo humuuma upande wa kushoto, na akishuka garini husimama kwanza ameshika mlango mpaka magoti yakubali.

Mwaka 2022 Kaushik alirudi kutoka Mwanza na kamera ndogo, akaibandika kwenye kioo cha mbele, chini ya kioo cha kuangalia nyuma.

"Siyo ya kukupeleleza, Januari. Ni ya bima. Mtu akikugonga, tuna ushahidi."

"Na nikimgonga mimi, bosi?"

"Tuna ushahidi pia."

Walicheka wote wawili. Kaushik akamwonyesha mahali kadi inapokaa, akamwambia ikitokea ajali aichomoe palepale, kwa sababu ikijaa inajifuta na kuanza upya. Baada ya hapo hakuna aliyeigusa kamera ile tena, isipokuwa Januari, na yeye aliigusa kila Jumanne.

Jumanne ni siku ya mnada Mhunze. Kwenye njia panda ya Kolandoto, tangu alfajiri, husimama akina mama wenye viroba vya dengu, kuku waliofungwa miguu na ndoo za mafuta ya pamba. Nauli ya kwenda na kurudi hula nusu ya watakachouza. Kaushik alikataza tangu siku ya kwanza: gari ya mizigo haipakii abiria, bima inaandika dereva na mpakiaji mmoja, basi. Januari aliitikia, na kila Jumanne alisimama njia panda. Hakuwatoza. Mama yake mzazi alitembea njia hiyo miaka mingi na kikapu kichwani, na Januari hakuweza kuwapita wanawake wale kama vile hakuwaona.

Kwa hiyo kamera ilipokuja, alitafuta dawa yake. Akifika Kolandoto alilitoa begani taulo lake la bluu, akalining'iniza juu ya kamera. Akikaribia Mhunze abiria walishuka kabla ya nyumba za kwanza, naye akalirudisha taulo begani. Hivyo kwa miaka miwili.

Tarehe 11 Juni 2024 alimkuta mtu mmoja tu njia panda, Nyamizi, mwanamke wa miaka sabini hivi ambaye alimjua vizuri.

"Mwangaluka, mayu," Januari alimsalimia Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake asubuhi, akampokea kiroba.

"Mwangaluka, Baba Ritha. Leo nilisema hupiti. Nikasema huyu mtu kafa au kaoa."

"Nani akubali kuolewa na mgongo huu?"

Alimvuta juu, akafunika kamera, wakaondoka. Walikwenda wakizungumza habari za bei ya dengu na za Ritha, binti yake Januari, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Ilipofika saa nne kasoro ishirini walikuta kundi la ng'ombe likivuka, vumbi limetanda. Januari alipiga honi mara mbili, akashusha gia. Nyuma ya ng'ombe, upande ambao haikutakiwa kuwa, ikachomoka bodaboda. Januari alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Taulo lilianguka. Bodaboda ikajigonga kwenye bampa, na kijana aliyeiendesha, George, akaenda chini na mguu wake ukabaki umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi.

Januari alichomoa kadi kabla hata hajashuka. Baadaye alilionea aibu jambo hilo.

George alipelekwa hospitali Kolandoto. Wakati askari wa usalama barabarani wanafika, ng'ombe wengine wapatao arobaini walikuwa wamepita pale pale kuelekea mnadani, na alama za matairi zilikuwa zimekuwa alama za kwato. Mchungaji aliyeona alishakwenda zake. Naye Nyamizi, Januari alishamwambia ashuke na kuondoka.

"Nenda, mama. Wakikukuta hapa tumekwisha wote."

Akaenda, kiroba kichwani.

Siku ya nne George alitoa maelezo akiwa kitandani: Fuso ilikuja kasi, ikamfuata upande wake. Sajenti Mariana, aliyeshika jalada, alimwita Januari kituoni akamsomea.

"Baba, una shahidi?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Basi ni neno lako na neno la mwenye mguu uliovunjika. Unajua hakimu atamtazama nani. Leseni yako nitaishikilia mpaka Ijumaa ijayo. Kama una kitu, kilete. Kama huna, jalada linakwenda mahakamani, na leseni inaweza isirudi."

Januari alitembea mpaka dukani kwa miguu, akampa Kaushik kadi. Kazi nyingine hakuwa nayo. Shamba la baba yake liligawanywa zamani, na kwa mgongo ule hata jembe lisingemkubali. Ritha alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu.

Wakala wa bima wa Kaushik alikuwa Gulnaz, mwanamke mpole mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na soko. Aliiweka kadi kwenye kompyuta, Kaushik na Januari wakiwa wamesimama nyuma ya kiti chake. Picha ikaja nyeusi.

"Imeharibika," alisema Kaushik.

"Haijaharibika. Tazama chini." Chini ya weusi ule zilikuwa namba nyeupe zinatembea: tarehe, saa, na mwendo wa gari. Arobaini na mbili. Thelathini. Honi ikasikika, mara mbili. Ishirini. Kisha sauti ya mwanamke mzee, karibu kabisa:

"Punguza, Baba Ritha, ng'ombe hao."

"Nimepunguza, mayu. Gia ya pili hii."

"Eeh! Huyo wa pikipiki anatokea wapi huyo?"

Kumi na nane. Breki. Weusi ukaporomoka, na pale kwenye vumbi ikaonekana bodaboda imelala upande wa kushoto wa barabara, upande wa magari yanayokwenda Mhunze, gurudumu la nyuma bado linazunguka.

Gulnaz akasimamisha picha.

"Baba Ritha," Kaushik alisema polepole. "Nani anakuita Baba Ritha ndani ya gari yangu?"

Januari alikuwa anatazama sakafu.

"Ulifunika macho ya kamera, masikio yake ukayaacha wazi. Siku ngapi, Januari?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Zote, bosi."

Kaushik alikaa. Alipozungumza tena alizungumza na Gulnaz. "Ondoa sauti. Peleka namba tupu. Kumi na nane inatosha."

"Haitoshi, Kaushikbhai, kaka yangu. Polisi na mkaguzi wa bima wanataka kadi yenyewe, kama ilivyo. Nikikata mahali, wataitupa yote, na mimi watanifuta uwakala."

"Basi tuseme alikuwa mpakiaji wetu."

Gulnaz aligeuka na kiti. "Bibi mwenye sauti ya kizee hivi anapakia saruji?"

Januari alicheka kidogo, bila kutaka, kisha akaacha.

Gulnaz akawaeleza bila kuzunguka. Kadi ikienda, Januari ataondolewa lawama ya ajali. Lakini kampuni ya bima itaona abiria kwenye gari ya mizigo, na dai la Kaushik la bampa, taa na rejeta huenda likakataliwa. Kadi isipokwenda, kampuni itaichukulia ajali kuwa ya Januari, italitengeneza gari, na yeye atajibu mahakamani.

"Kadi ni ya duka," alisema Kaushik.

"Ndiyo, bosi. Na leseni ni yangu."

Ni watu waliokula pamoja njiani miaka mingi. Kaushik akisafiri na gari, mkewe huwafungashia chapati za wawili. Mwishowe Kaushik alinyanyuka, akaenda mlangoni, akasema akiwa amewapa mgongo, "Mpe kadi yake." Akatoka.

Januari aliipeleka kadi kituoni, ikabaki sauti. Mariana alitaka mwenye sauti aje aseme ni yake. Nyamizi, Januari alipomfuata nyumbani, hakutaka.

"Nikisema nilipanda, nani atatupakia tena? Wenzangu watanila nyama."

"Hawatapakiwa hata usiposema, mama. Kamera inasikia. Wenye magari watajua."

Aliendelea kuchambua dengu kwenye ungo. Halafu akaomba apewe siku moja afue gauni.

Alhamisi alikaa mbele ya Sajenti Mariana na gauni safi, mikono mapajani, akasikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kompyuta.

"Ni wewe, bibi?"

"Ni mimi. Lakini mbona nasikika mzee hivyo?"

Mariana aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, akaandika. Jalada la Januari halikwenda mahakamani. Leseni ilirudi Jumatatu, ndani ya bahasha ya kaki. Dai la bampa lilikataliwa kwa barua ya mistari mitano. Kaushik alimwambia Januari akabidhi funguo, aende stoo kuhesabu mifuko ya saruji inayoingia na kutoka. Gari ikapewa dereva mwingine kutoka Kahama.

Januari ameweka leseni mfuko wa shati. Huitoa mara nyingine, akaitazama, akairudisha.

Jumanne moja ya Agosti aliomba ruhusa, akapanda basi dogo mpaka Kolandoto kumwona George. Alimkuta kwenye benchi nje ya wodi, vyuma vimetokeza mguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unalala?"

"Kidogo." George alitazama vyuma vyake. "Ndugu zangu waliniambia niseme vile, mzee. Walisema bima ni ya kampuni, haimuumizi mtu."

Januari alimwachia maembe makavu na sabuni, akatoka.

Njia panda walikuwepo akina mama sita, na Nyamizi kati yao, amekalia kiroba. Januari alisimama nao kusubiri gari la kurudi mjini. Mgongo ulimuuma. Wakaisikia Fuso kabla ya kuiona. Aliijua kwa mlio wa gia ya tatu. Wawili kati ya wale wanawake wakainuka, wakashika viroba vyao.

Dereva mpya alipunguza mwendo kwa sababu ya tuta. Alimtambua Januari, akapiga honi mara moja kwa heshima. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye kamera iliyo wazi, akatikisa kichwa, akapita.

Wanawake wakakaa tena. Nyamizi akasogea, akampa Januari nafasi juu ya kiroba.