Kitabu Changu Kinywani Mwake

Mama mkwe wangu alipopata mtoto wa jicho, macho yote mawili, niliamua kuwa mimi ndiye nitakayemsomea. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimestaafu kiwanda cha nguo kule Athi River, nimerudi Kalama na sanduku la vitabu nilivyookota mwaka hadi mwaka kwa wauza mitumba wa Machakos mjini. Riwaya za kizamani, nyingi zimepoteza majalada, na hadithi fupi za watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa. Hivyo ndivyo vitabu ninavyovipenda. Vya siku hizi vina haraka kama mtu anayekimbiza fundi.

Nilimsomea kila alasiri, baada ya kazi za shamba. Nasoma sentensi, naigeuza Kikamba, naendelea. Sikuruka kitu. Mwandishi akisimama kurasa tatu kueleza mto ulivyoganda, nasi tulisimama naye kurasa tatu. Nilijua mama mkwe anasinzia hapo, lakini ningefanyaje? Mtu ameketi akaumba mto mzima, wewe ni nani wa kuukausha?

Hadithi fupi hakuzielewa kabisa. Nilipomaliza ya kwanza alingoja, kisha akauliza, "Halafu?"

"Imeisha, mwaitu," nikamjibu, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.

"Imeisha wapi? Hiyo imekatika kama stima."

Mimi napenda hasa kukatika huko. Unaachwa gizani na mtu uliyekwisha kumzoea, na unamfikiria hata ukipalilia. Nilijaribu kumweleza. Akasema yeye giza analo la kutosha.

Kisha akaja mke wa shemeji yangu mdogo. Huku tunaitana mke mwenza, ingawa hakuna mume tunayegawana. Duka lao la Katelembo lilifungwa, wakarudi kujenga nyumba hatua chache kutoka kwangu. Siku moja nilikuwa na homa, akaazima kwangu riwaya tuliyoifikisha katikati na mama, amsomee asikae bure. Nilimpa. Laiti ningejua, ningeilalia.

Riwaya yenyewe inahusu mama mmoja mshona kofia katika nchi ya theluji. Mumewe amekwenda asikojulikana, na mwanawe anaumwa kifua. Kitabu kizito, cha polepole. Nilipopata nafuu nilikwenda kwa mama, nikasikia kicheko kabla sijafika mlangoni. Mama mkwe anacheka! Ndani, mke mwenza ameshika kitabu changu mkono mmoja na mwingine unapunga hewani. Theluji ilikuwa imegeuka ukungu wa mwezi wa saba. Mto ulioganda hakuutaja kabisa. Na daktari, ambaye mwandishi alimpandisha farasi, alikuwa anakuja kwa bodaboda na kumlalamikia dereva.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alilitia hata kabla ya kusifiwa, na mnywaji akaomba kikombe kingine.

"Wewe pumzika tu," mama aliniambia. "Huyu ako na sauti."

Niliumia roho, sitaficha. Miaka miwili nilimsomea mwanamke yule kwa uaminifu kuliko padri, na hakuwahi kuniambia nina chochote. Nilijisemea kwamba ninakitetea kitabu. Uongo mtupu. Nilikuwa na wivu, wivu ule wa kukufanya uhesabu mara ambazo mwenzako ameitwa chai. Nilianza kukaa upande wa pili wa ukuta wa jiko, nikiambua mbaazi zisizohitaji kuambuliwa, nikimsikiliza anavyoharibu. Na baya zaidi, nilikuwa naisubiri alasiri ifike.

Siku jumuiya yetu ya kanisa iliposali kwa mama mkwe, wakati wa kutoa nia za maombi, mama mwenyewe aliweka yake kwa sauti: tumwombee mama mmoja aliyeachwa na mume, mtoto wake anakohoa, na baridi ni kali. Wanawake waliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nilitazama sakafu. Katika miaka yangu miwili hakuna mtu wa kitabu changu aliyewahi kuombewa.

Wiki iliyofuata walirudi na vyondo. Unga, sukari, maharagwe, sweta mbili za mtoto zilizofuliwa vizuri. Ndiyo desturi yetu, hutamwombea mtu kisha ukaenda kulala. Mwenyekiti wa jumuiya akauliza, "Huyo mama anakaa upande gani, tumpelekee?"

Mke mwenza aliinama kupanga unga na sukari. Mimi sikuweza kujizuia.

"Hakai mahali," nikasema. "Huyo ni mtu wa kitabu."

Nilitegemea aibu imwangukie mke mwenza. Haikumwangukia. Wanawake walitazamana, mmoja akaangua kicheko, kisha wote. Mama mkwe hakutingishika hata kidogo. "Najua ni wa kitabu," alisema. "Kwani wa kitabu haombewi?"

"Aiya! Na mtoto?" mwenyekiti aliuliza, sweta bado ziko mapajani. "Alipona?"

Wote walimgeukia mke mwenza. Hata hapo walimgeukia yeye.

"Mimi sijafika mwisho," akasema. "Muulizeni mwenye kitabu."

Ndipo wakanitazama mimi. Chumba kizima, shingo zimenyooka, na mama mkwe ameelekeza sikio kwangu jinsi alivyozoea kulielekeza kwa yule. Mwisho naujua vizuri. Mtoto anakufa asubuhi, daktari akifungua lango. Ni ukurasa mmoja tu, na hakuna neno la kuongeza wala kupunguza. Mimi nisiyeruka hata mto.

"Alipona," nikasema. "Alipona kabisa. Akaomba uji."

Walipiga vigelegele. Mwenyekiti alinikumbatia, mwingine akaniuliza nitamsomea mama lini tena, naye aje. Mke mwenza alipiga makofi pamoja nao, kwa furaha ya kweli. Nililala usingizi mzuri siku ile.

Kesho yake alasiri nilikuwa ukutani na mbaazi zangu. Nilimsikia mama mkwe akimwambia mke mwenza achukue kitabu, afungue mwishoni.

"Lakini si tumeambiwa alipona?"

"Vitabu vya huyo tangu lini vikaponya mtu? Jana alinionea huruma tu. Ako na roho nzuri, usimwambie. Wewe nisomee vile imeandikwa."

Mke mwenza alisoma. Nilingoja bodaboda, nikangoja ukungu. Hakuweka. Alisoma baridi kama ilivyo, lango kama lilivyo, neno kwa neno, sauti ikishuka kila mstari, nami midomo yangu ikimfuata. Alipofika mwisho mama mkwe alilia. Hakulia hivyo hata tulipomzika mumewe. Nilisikia kiti kikisogezwa, na mke mwenza akimwambia, "Pole mwaitu, pole," naye pia analia.

Machozi yale niliyatafuta tangu kitabu cha kwanza. Sasa yalikuwa yanamwagika, na bega si langu.