Taa kali, maji safi mno: LaVonne na matumbawe yanayopauka

Saa tatu asubuhi, LaVonne Tikkanen amepiga magoti kwenye zulia la sebuleni kwa Orrin Shedd, mkono wa kulia umezama ndani ya tangi la maji ya chumvi hadi begani. Anasugua kioo taratibu. Nje, mashine ya kukwangua theluji inapita ikitetemesha madirisha, na samaki wawili wa manjano wanakimbilia nyuma ya mwamba.

"Msiniharakishe," anasema, ingawa hakuna aliyemharakisha. "Goti hili likishainama, kuinuka ni safari."

LaVonne ana umri wa miaka 57. Kwa miaka 22 amekuwa akizunguka Duluth, mji wa kaskazini mwa Marekani, na vitongoji vyake kuhudumia matangi ya watu wanaofuga matumbawe majumbani. Sasa ana nyumba 31. Kila wiki hubeba ndoo zipatazo arobaini, kila moja lita ishirini, za maji anayoyachanganya na chumvi mwenyewe gerejini kwake. Daktari alimwambia apumzishe bega.

"Nikamuuliza, nipumzishe lipi?"

Watu hudhani kazi yake ni kusafisha. Yeye anasema nusu ya kazi ni kuwazuia watu wasisafishe.

Ndani ya nyama ya tumbawe huishi chembe za mwani zisizoonekana kwa macho. Hizo ndizo hulitengenezea chakula kwa kutumia mwanga, na ndizo hulipa rangi. Mwanga ukizidi huku maji yakiwa hayana virutubisho, ushirika huo huvunjika. Tumbawe huzitimua chembe zake, likabaki jeupe, kisha likafa njaa polepole.

Hayo ndiyo aliyoyakuta humu mwezi wa kumi mwaka jana.

Tangi hili lilikuwa la marehemu Bernadine, mke wa Orrin, aliyekuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Alianza na kipande cha tumbawe kisichozidi kidole gumba. Miaka 19 baadaye kilikuwa kimetanda kama sinia. Alipofariki, Orrin, fundi mstaafu wa reli mwenye miaka 79, hakujua lolote kuhusu tangi isipokuwa kwamba lisimfie mikononi.

Kwa hiyo alisugua. Alibadili maji mara mbili kwa wiki. Aliweka chengachenga za kunyonya fosfati, moja ya virutubisho hivyo, maradufu ya kipimo. Samaki aliwapa chakula kidogo mno, wasije wakachafua maji. Kisha akanunua taa mpya, kali kuliko ya zamani.

Mambo yalipozidi kuharibika, akampigia simu LaVonne, ambaye hakuwa amewahi kufika kwake.

"Alifungua mlango akaniambia, 'Ingia haraka, mama, matumbawe yananifia gizani,'" LaVonne anakumbuka. "Nikaingia. Taa ilinifanya nifumbe macho."

Kipima mwanga chake kilionyesha karibu mara tatu ya kiasi ambacho tumbawe lile lingeweza kuhimili. Nitrati, kirutubisho kingine, ilikuwa sifuri. Fosfati, sifuri. Tumbawe la Bernadine lilikuwa jeupe kama chaki, na pembeni mwani wa kijani ulishaanza kuota penye mfupa mtupu.

"Mzee, mbona umewasha jua humu ndani?"

"Jua gani? Napandisha taa kila Jumapili na bado hapaonekani kitu. Litazame lile, limekuwa la kahawia kwa kukosa mwanga."

"Kahawia? Lile ni jeupe, mzee."

"Usinitanie, binti. Nimeishi nalo miaka kumi na tisa."

LaVonne alikwenda jikoni, akachukua sahani nyeupe, akaishika kando ya kioo. Akauliza ina rangi gani. Orrin aliitazama kwa muda mrefu.

"Kama karatasi ya zamani," akasema hatimaye.

Tangi halikuwa limeingia giza. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho ya Orrin yote mawili, na kila alipoona giza limeongezeka, naye aliongeza taa.

"Nilitamani niondoke tu," LaVonne anasema. "Kumwambia mtu amekosea kupima chumvi, nimezoea. Kumwambia mgane kwamba yeye ndiye aliyeunguza kitu cha mkewe, sikuwa na nguvu hizo. Lakini ningenyamaza, Jumapili angepandisha tena."

Akamwambia. Orrin, ambaye anatumiminia kahawa tukizungumza, hakatai kwamba alikasirika.

"Nilimfukuza. Nikamwambia kwamba binti yangu aliyeko mbali, Arizona, akisikia sioni, atanifungasha kama furushi anihamishie kwake. Huyu mama akavuta kiti, akakaa na koti lake. Akasema, 'Nifukuze, mzee, ila nimechoka kusimama. Nifukuze nikiwa nimekaa.'" Orrin anatikisa kichwa. "Nikacheka. Tangu Bernadine aondoke sikuwa nimecheka."

Siku hiyo LaVonne alishusha taa hadi theluthi moja, akabandika utepe juu ya kitufe, akazitoa chengachenga zote. Akaagiza samaki walishwe mara mbili kwa siku, kwa kuwa mavi yao ndiyo mbolea ya matumbawe. Baada ya hapo ilibaki kungoja.

"Kungoja ndiko kunakochosha. Ndoo ukiitua, umeitua."

Wiki ya tatu kipande kingine kilikufa, LaVonne akakikata kwa koleo. Kila Alhamisi Orrin alimuuliza, "Likoje leo?" naye akalieleza kwa mdomo, kwa sababu Orrin hakuweza kuliona. Wiki ya saba akamwambia kuna hudhurungi hafifu, kama doa la chai kwenye kitambaa: chembe zilikuwa zimeanza kurudi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Orrin alipasuliwa jicho moja, mwezi uliofuata la pili. LaVonne ndiye aliyemwendesha hospitali mara zote mbili. Bandeji ya jicho la kwanza ilipotolewa, mzee alikwenda moja kwa moja mbele ya tangi, akasimama.

"Kumbe limebaki dogo hivi," akasema. "Wewe si ulikuwa unaniambia linapona?"

"Linapona, mzee. Sikusema limerudi."

Leo lina ukubwa wa kiganja. Taa inapandishwa kidogo mno kila wiki mbili, na Orrin mwenyewe ndiye anayesoma vipimo.

Kuanzia mwezi wa tano LaVonne anaziacha nyumba 19. Badala yake, Jumamosi moja kila mwezi atawafundisha wenye matangi katika maktaba ya mtaa: jinsi ya kutazama rangi, kupima maji, na kuacha kitu bila kukigusa. Watu sita wameshajiandikisha.

Ukimuuliza kama haogopi kukosa wateja, anakausha mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja. Ngozi imepasuka kwa chumvi.

"Natamani siku moja niamke, simu isilie," anasema. "Na isiwe kwa sababu kila kitu kimeshakufa. Iwe kwa sababu wanajua."