Mama wa Tamarack, mtunza nyasi wa Kestner

“Umefanya makusudi, Lorna! Usinitazame hivyo, umefanya makusudi!”

“Makusudi, kwenye kazi inayonilisha? Hebu rudi ukalale, Darrell.”

“Nilale vipi? Mwanangu yuko Denver huko, kaipata picha ya kiwanja kabla yangu mimi niliye hapa! Tunachekwa mpaka milimani!”

Ni Ijumaa, saa moja asubuhi, na mtaa wa Juniper mjini Kestner umeshajaa vichwa madirishani. Upande mmoja wa uzio amesimama Darrell Obermeyer, mkodishaji wa mahema ya harusi, kavaa fulana nyekundu ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Kestner juu ya nguo za kulalia. Upande wa pili ni jirani yake, Lorna Haverkamp, miaka hamsini na saba, mtunza nyasi wa kiwanja cha timu hiyo hiyo. Anatafuta ufunguo wa gari mfukoni.

Kesho Kestner inawakaribisha mahasimu wake, timu ya Chuo cha Tamarack. Jana jioni Lorna alipaka rangi eneo la kufungia mabao, mwishoni mwa kiwanja upande wa kaskazini. Leo jua limechomoza, na eneo zima lililotakiwa kuwa jekundu la nyanya limetoka rangi ya damu ya mzee. Hiyo ndiyo rangi ya Tamarack. Na watoto wote wawili wa Lorna walipelekwa kusoma huko huko Tamarack.

Sasa hapo, nani wa kumtetea?

Kiwanjani bosi wake, Purcell, hapotezi maneno. Ananyoosha kiganja, Lorna anaweka humo funguo za stoo. “Mpaka saa kumi jioni,” Purcell anasema. “Ikibaki hivi, usizirudie.” Lorna ametunza nyasi hizo miaka kumi na tisa.

“Sikukusudia,” anasema akikoroga ndoo ya rangi nyeupe, mgongo kauinamisha. “Nyekundu yetu hufika kali mno, inaumiza macho. Kila mtunza nyasi hapa huipooza kwa nyeusi kidogo, anaongeza mpaka jicho liseme basi. Jana kulikuwa na giza la mawingu. Jicho langu likasema basi mahali lilipozoea.”

Lilizoea wapi? Mji mzima unajua. Mwanawe wa kwanza, Brita, alipopata nafasi Tamarack, Lorna alimshusha bwenini, akakaa kwenye gari akilia, kisha akaingia mkahawa wa chapati za mayai ulio karibu na daraja ili anawe uso. Mwenye mkahawa akamletea sahani bila kuulizwa. Tangu siku hiyo anaitwa mama Brita mji mzima ule, kuanzia kwa muuza vitabu hadi kwa fundi viatu.

Brita alimaliza akahamia Arizona. Wade, mdogo wake, akafuata palepale, na sasa yuko mwaka wa mwisho. Kila mara timu ya Kestner inaposafiri na kumwachia Lorna Jumamosi, yeye huendesha gari kwa saa tatu kwenda Tamarack, hata kama Wade ana mitihani na hawezi kuonana naye. Anakula, anavuka daraja, anaingia uwanjani kupiga kelele na watu wa huko.

“Wade hapigi simu kuniuliza hali,” anasema. “Anapiga kuuliza, mama, umeona ule mpira wa mwisho? Nikiujua mpira, nampata mwanangu. Nisipoujua, tunaongea dakika mbili tu za mvua na jua.”

Majirani wana tafsiri yao. “Anakula huku, analala kule,” anasema mwanamke mmoja wa duka la mikate, na foleni nzima inacheka. Wengine wanadai walimwona akitabasamu wakati anapaka. Waliokuwepo kiwanjani jana ni yeye na ndege.

Kazi ya leo haina njia ya mkato. Nyekundu ikipakwa juu ya rangi iliyokolea itazama, kwa hiyo lazima nyeupe itangulie, ikauke, ndipo nyekundu ije. Msaidizi wake anaumwa. Saa tano nyeupe imefunika nusu tu, na upande wa magharibi mbingu imekuwa nyeusi. Mvua ikigusa rangi mbichi, kila kitu kitatiririka mpaka katikati ya kiwanja.

Lorna anaitazama mbingu, anaitazama mashine ya kupulizia rangi.

Ndipo lori linaingia kwa nyuma, limebeba mahema ya harusi. Anashuka Darrell, safari hii kavaa suruali.

“Usiseme asante,” anabwata. “Sijaja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya nyasi.”

“Nani kasema asante? Shika nguzo hiyo. Sio hapo, utanitobolea bomba la maji!”

“Unanifundisha kusimamisha hema, Lorna?”

“Nakufundisha kutembea kwenye nyasi. Una miguu kama ya ng’ombe.”

Hema la mwisho linafungwa na matone ya kwanza yanadondoka. Chini ya vitambaa vyenye maua ya bibi harusi, Lorna anamalizia nyeupe, inakauka, kisha anapulizia nyekundu akirudi kinyumenyume. Nyeusi anaiongeza kidogo kidogo. Kila mara anamwita Darrell, naye anavuta fulana yake nyekundu na kuisogeza karibu na rangi ili walinganishe.

“Bado, bado. Hapo! Acha hapo! Usiguse tena!”

Saa kumi Purcell anakuja na mwavuli. Anachutama. Anatembea mstari mzima wa mwisho, anarudi, anachutama tena. Mvua inapiga juu ya mahema.

Anazitoa funguo mfukoni, anamrushia Lorna. “Kesho,” anasema, “hiyo sweta ya Tamarack unayovaa chini ya koti, iache nyumbani.”

Kumbe alikuwa anajua.

Lorna anasema akistaafu atapanga chumba juu ya ule mkahawa wa daraja, hata kama Wade atakuwa ameshaondoka. “Watoto watapita,” anasema, “lakini mimi kule nina watu.” Kesho atasimama kando ya mstari, mdomo kaufunga, akiomba wageni washinde.

Jioni, mtaa wa Juniper, Darrell anashusha nguzo za mahema akiwa amelowa chapachapa. Nyumba ya Lorna hajawahi kuingia, kwa sababu ya zulia la mlangoni lenye nembo ya Tamarack. Leo Lorna anafungua mlango na harufu ya supu ya maharage na nyama inatoka mpaka barabarani.

“Bakuli zako zote zina ile nembo,” Darrell anasema, hasogei.

“Zote.”

“Basi nitakula kwenye sufuria.”

“Kula hata kwenye kofia yako. Futa miguu kwenye hilo zulia, najua umetamani kulikanyaga miaka yote. Ingia, supu inapoa.”