Nati Mbili za Pikipiki ya Nesi

Siku yangu ya kwanza gerejini Mbugani nilikabidhiwa pikipiki ya nesi wa zahanati moja upande wa Ngonga. Fundi Mkuu, mwenye gereji, aliniagiza nisafishe kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kisha niirudishe kwenye injini kwa nati zake mbili. Nilizikaza huku nikihema. Baba alishaniambia nikifukuzwa huko, shamba la mpunga linanisubiri, na mimi mpunga nilikuwa nimeuchoka kwelikweli.

Kesho yake nesi akarudi anaisukuma.

"Nikiachia mafuta, injini inaendelea kunguruma haitulii, na nikiwa njiani inakata pumzi," alisema. "Leo nina chanjo za watoto. Nitafikaje?"

Nikarukia spana.

"Weka chini," Fundi Mkuu akaniambia. "Sikio kwanza."

Akaiwasha, akachukua brashi na maji ya sabuni, akapaka taratibu pale kabureta inapokutana na injini. Mara mapovu yakanyonywa ndani na mlio ukabadilika. Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonilisha miaka yote: hewa ikipenya baada ya kabureta, petroli inazidiwa, injini inachemka na kukimbia ovyo. Alipoifungua, uso wa kabureta unaokaa kwenye injini ulikuwa umepinda kwa kukazwa kupita kiasi.

Nikajua nimekwisha. Nilishaanza kuufikiria mpunga.

Fundi Mkuu akamgeukia nesi. "Kosa ni langu, dada. Chukua pikipiki yangu."

"Ndaga fijo, tata," nesi akamshukuru mzee kwa lugha ya kwao, akaenda na chanjo zake.

Kisha mzee akatandika msasa juu ya kioo na kuusugua ule uso mpaka ukanyooka. Wakati wa kufunga gereji akasema tu, "Kesho uwahi."

Nilimpenda tangu siku ile. Baadaye nilisimamia gereji yangu Mwaya, nikawafundisha vijana kukaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Na kila kijana alipoharibu, nilimwambia mteja kosa ni langu. Wengine waliniona mjinga, lakini nilijua nimeiga kwa nani.

Mwaka huu macho yamenistaafisha. Nikaenda kumsalimia Fundi Mkuu nyumbani kwake, nikamshukuru kwa kunifichia aibu mbele ya nesi.

"Aibu gani?" akauliza. "Ulipoondoka jioni ya siku yako ya kwanza nilizijaribu nati zako. Zilikuwa zimelegea, mwanangu. Aliyezikaza kupita kiasi ni mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka. Kumbe hakunionea huruma. Alisema kweli tupu, mbele ya mteja na mbele ya mwanafunzi wa siku mbili. Heshima yangu kwake ikapanda zaidi, na mimi nikajiona mdogo. Makosa ya vijana wangu niliyabeba kwa fahari. Yangu mwenyewe, kila mara nilisingizia spea mbovu.