Lenzi Ndefu ya Kampuni Ndogo

Shangazi yangu hupiga picha za ndondi kwa kamera ya kampuni ndogo, ambayo haikuwa na lenzi ya kunasa mbali penye mwanga hafifu. Wenzake walimtania, "Dada, wakiitengeneza watamuuzia nani?"

"Mimi," alijibu.

Mwaka huu kampuni ikaitoa lenzi hiyo, ikamwazima aijaribu. Ukumbini, kutoka viti vya nyuma kabisa, nami nikiwa kando yake, alimlenga bondia aliyeangushwa. Kwenye kioo cha kamera tuliona jasho likining'inia kwenye kope zake, na midomo yake ikihesabu pamoja na refa.

"Miaka yote hii," alinong'ona Shangazi, "kumbe sijawahi kuwaona mabondia."

Mtani wake mkuu, aliyeketi karibu nasi, akachungulia kiooni. "Dada," alisema taratibu, "hebu nami nishike kidogo."