Jina Litakaloingia Kifuani mwa Kasuku

Nimekalia mabenchi ya mafundi wengi, maana miguu yangu haipendi kutulia nyumbani, lakini benchi nililolikalia zaidi ni la fundi saa tuliyemwita Dakika. Chumba chake kipo chini ya ngazi, kati ya duka la dawa na duka la madaftari. Ukiingia unainama. Ndani kuna meza moja, taa ya shingo ndefu, vikopo vya skrubu ambavyo ukipiga chafya umemharibia siku, na tundu la kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Marehemu mke wa Dakika alimlea kasuku huyo tangu hana manyoya. Salamu hajui. Anachojua ni kusema, "Kesho jioni itakuwa tayari," kwa sauti ya Dakika mwenyewe, na wateja wakisikia hivyo wanacheka kwa uchungu.

Dakika alikuwa mtu wa usafi. Alinawa kabla ya kufungua saa na akanawa baada ya kuifunga. Alisema jasho la mkono wa mtu likilala miaka kumi chini ya mfuniko linageuka kitu ambacho usingependa kukiona kabla ya kula. Nilionyeshwa siku moja. Ni weusi unaonata kama nta, una harufu ya maziwa yaliyochacha. Akishausugua wote, alikuwa akikwaruza alama yake ndogo ndani ya mfuniko, ili saa ikirudi ajue aliwahi kuishika. Mwenye saa haambiwi.

Basi kulikuwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alifika kila siku saa nne, akajibana karibu nami, na kabla hajauliza hali ya mtu alikuwa ameshachukua kibano chembamba cha kushikia skrubu, anajichokonoa sikio. Anakitoa, anatazama alichopata, anapangusa kwenye suruali, anakirudisha mezani. Mimi sina kawaida ya kumsema mtu, lakini kila siku saa nne nilikuwa nageukia ukuta. Dakika alikishika kibano kwa kitambaa, akakichovya kwenye spiriti, akarudi kwenye saa yake. Shemeji utamwambiaje mambo ya masikio?

Mwezi mmoja kasuku alitoroka. Binti wa Dakika, mwalimu aliyeishi na baba yake, alimtafuta siku mbili, akampata juu ya turubai la duka la dawa akiwaahidi watu kesho jioni. Hapo ndipo shemeji alipoleta habari ya chipu. Inadungwa kifuani kwa ndege, alisema, na akipotea tena akaokotwa, mwenyewe anajulikana. Alishachukua hata fomu kwa daktari wa mifugo, ataijaza yeye, shemeji yake asihangaike na miwani.

Dakika alikosa usingizi kwa ajili ya sindano. Mimi nilikosa raha kwa jambo jingine. Mtaa mzima ulijua kuwa mwenye hoteli moja anatafuta kasuku anayesema, wa kuweka mapokezi, na aliyempelekea picha ni huyo huyo shemeji. Nilimwambia Dakika. Akasema maneno ya mtaani hayana mshale wala namba, huwezi kuyasoma. Lakini asubuhi ya kwenda aliniomba nimsindikize, na binti yake akaomba ruhusa shuleni akabeba tundu.

Chumba cha daktari kilinuka dawa ya sakafu na mbwa aliyeloa. Daktari, mwanamke kijana wa maneno machache, alimwonyesha Dakika sindano. Ilikuwa nene, ile ya kukufanya ukunje vidole vya miguu. Dakika akatoa kioo chake cha kutazamia saa, akakibana jichoni, akaitazama chipu yenyewe: punje ya kioo, kama ya mchele. Akageuza uso.

"Kitu kinaingia na hakitoki," aliniambia. "Saa hata ukiikosea, unaifungua."

Daktari alimweleza taratibu kwamba ndani ya punje hamna jina, mna namba tu, na namba inapelekwa kwenye daftari lenye jina la mwenye ndege. Akaongeza kuwa kasuku huishi sana, huyu anaweza kutupita wote mle chumbani. Dakika akakitoa kioo jichoni. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba haulizwi habari ya sindano. Anaulizwa nani atabaki na ndege, yeye mwenyewe akifa.

Kabla ya kuanza daktari akauliza jambo wanaloliuliza wao kila siku: kinyesi chake kikoje wiki hii? Akamtazama shemeji, kwa kuwa ndiye aliyeleta fomu.

Shemeji akakunja pua. "Ah, daktari, mimi uchafu huo siugusi."

Binti akajibu kwa ajili yake. Kijani pembeni, cheupe katikati. Jumatatu kilikuwa majimaji, alikula papai jingi. Trei ya tundu anaikwangua mwenyewe asubuhi na jioni.

Daktari akaishika fomu, akaisoma tena. "Sasa mbona jina la mwenye ndege ni la huyu bwana? Na simu ni yake pia."

Sikumtazama shemeji. Nilitazama kidole chake, kilichokuwa njiani kuelekea sikioni.

"Nimekurahisishia tu, shemeji," alisema. "Halafu ndege mwenyewe si wa dada yangu?"

Mtu kamtaja dada yake kaburini ili apate ndege wa kupeleka hotelini.

Dakika hakupandisha sauti. "Miaka arobaini nakwaruza alama ndani ya saa za watu, na sijawahi kukwaruza kwenye saa ambayo sikuisafisha." Akamgeukia daktari. "Nipe fomu nyingine, mwanangu. Uandike jina la anayekwangua trei."

Sindano iliingia. Kasuku alipiga ukelele mmoja mbaya, Dakika akafumba macho, tone la damu likatoka dogo kama kichwa cha pini. Njia nzima ya kurudi ndege hakusema neno, na binti alimfunika kwa kanga asipigwe na upepo.

Kesho yake saa nne shemeji alikuja kama kawaida, akanyoosha mkono mezani. Kibano hakikuwepo. Dakika akavuta droo, akampa kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya daftari.

"Chukua. Kutoka kwa dada yako na mimi, hiki ndicho chako."

Shemeji alikifungua, akafurahi kweli, akashukuru, akaanza na sikio la kushoto.