Doa Jeusi Upande wa Shemeji

Kwenye baraza la kijiji, huko Wamaza, shemeji wa mama mdogo alikataa hata kunipa mkono. Alikuwa amemshitaki mama mdogo, mjane wa kaka yake, kwa kapita, mkuu wa kijiji: eti alichoma kichaka alichofyeka ili apande mpunga bila kuita majirani, na moto ukala michikichi ya shemeji. Kwetu, mwenye kuwasha moto huita kwanza watu wa pembeni, wakafyeka pamoja mpaka wa kuzuia moto. Asiyeita hunyang'anywa shamba. Hilo ndilo shemeji alilolitaka tangu mazishi ya kaka yake.

Mama mdogo alisema moto ulitoka kwa shemeji. Hakuna aliyeuona ukianza.

Mimi ni mtu wa redio Kasongo, na kompyuta yangu ina programu ya Python inayosoma data za setilaiti. Kabla ya kupanda pikipiki kuja barazani nilijaribu kila aina ya data inayokubali. Data za mvua hazikusema kitu. Za joto zilionyesha moto, lakini alama moja ilifunika mashamba yote mawili. Za rada zilionyesha majani yamepungua, basi. Picha za kawaida zilijaa mawingu, isipokuwa moja, ya siku chache kabla ya moto mkubwa: doa jeusi upande wa shemeji, na kichaka cha mama mdogo hakijaguswa.

Nikaiweka picha hiyo mbele ya kapita. Shemeji akacheka.

"Weye mutoto wa redio, ile mashine yako inajua jina ya mwenye kuwasha?"

Watu wakacheka naye. Nilikiri kwamba haijui. Akaona ameshinda, akaendelea.

"Tena ile doa si ya ile siku. Ile ni moto yangu kidogo ya mbele ya ile kubwa, ikazimika yenyewe."

Kapita akainua macho.

"Ile siku ya mbele, uliita nani?"

Shemeji aliwatazama majirani.

"Wa pembeni yako ni mimi," mama mdogo alisema, bila kusimama. "Sikuitwa."

Kapita akasema asiyeita hana mdomo wa kumshitaki mwenzake. Shamba linabaki kwa mjane. Shemeji aliondoka bila kuaga. Alipofika njiani akageuka, akatangaza kwamba kuanzia leo hataki kuona mguu wa mama mdogo kwenye njia ya mtoni inayopita kwake.

Mama mdogo alichukua ndoo, tukaenda mtoni kwa kuzunguka nyuma, ambako hakukuwa na njia.